Kuamsha Injini

Mwezi wa tatu ndege ya mwisho iliwachukua Wataliano
na kofia zao,
nasi Malindi tukabaki na magari kumi na moja
yamejipanga uani kama viatu nje ya nyumba ya matanga.

Bi Somoe, mwenye kampuni, alituita karakana,
kila mtu hatua mbili na mwenzake,
akatusomea barua aliyoiandika usiku:
"Hafukuzwi mtu. Mshahara ni nusu.
Nusu ya pili naiweka daftarini, mdaiwa ni mimi."
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.
Karisa Ngumbao, dereva wa miaka kumi na tisa, akauliza:
"Na nusu ya njaa tuiweke wapi?"
Hakuna aliyecheka. Hata yeye.

Kazi yangu ikawa hii:
Jumatatu na Alhamisi, saa mbili asubuhi,
kuamsha injini.
Gari lisipowashwa betri hufa,
tairi hubonyea upande mmoja kama mgonjwa asiyegeuzwa.
Basi nikawa nauguza.
Nawasha la kwanza, naliacha, naingia la pili,
hadi yote yakanguruma pamoja
na hakuna liendalo popote.
Jirani akaja langoni, barakoa kidevuni:
"Mwasafiri wapi nyie, na njia zimefungwa?"
Papo hapo, nikamwambia. Twasafiri papo hapo.

Ndani ya la saba panya alizaa kwenye kichujio cha hewa.
Watano, wekundu kama ncha za vidole.
Wiki tatu sikuligusa gari lile,
na daftarini nikaandika: limewashwa.
Ndio uongo pekee nilioandika mwaka ule.

Ama tangazo la langoni sikuliandika mimi:
"Wateja wapendwa, viti vyetu husafishwa mara tatu kwa siku."
Wateja gani?
Sidi alivisafisha hata hivyo, kwa klorini,
mpaka ngozi ya viti ikabanduka
na ya viganja vyake ikafuata.

Halafu ikaja simu ya hospitali.
Muuguzi hakuomba; aliuliza tu
kama tuna gari lenye mgongo mrefu.
"La nini?"
"La mitungi ya oksijeni. Kutoka Mombasa."
Nikasikia kalamu ya Bi Somoe ikigonga meza.
Nilijua hesabu anayoipiga: mafuta, benki, tarehe tano.
Akafunika simu kwa kiganja, akatuambia:
"Ng'oeni viti."

Tukaving'oa vya magari mawili, tukaviweka uani,
vikakaa vikitazamana
kama wakwe wanaongoja chai.
Karisa akaondoka kabla ya alfajiri na barua ya ruhusa mfukoni,
na kurudi, kwenye matuta ya Gedi,
aliendesha kama mtu aliyebeba mayai ya kuazima.
Safari thelathini na nne. Niliziandika zote.
Kwenye safu ya malipo niliambiwa nipige kistari.
Mwezi wa tisa benki ikaja, ikachukua magari matatu.
Hapo sikupiga kistari.

Kuna mtungi uliomkuta mtu Maweni bado anahema,
leo ana kibanda cha viazi karai.
Kuna mtungi uliochelewa kwa saa moja.
Jina sitalitaja. Wenyewe wapo, na wanasoma.

Nusu zetu zingali daftarini, ukurasa wa arobaini.
Bi Somoe amelipa hadi Agosti ya mwaka ule,
polepole, kwa noti kuukuu,
na kila akilipa anakuja mwenyewe na kalamu nyekundu.

Wageni wamerejea. Juzi mmoja, mzee wa Kitaliano,
aliangusha ufunguo chini ya kiti cha gari la nne,
akapapasa, akakuta matundu ya skrubu sakafuni
tulipofungia mikanda ya mitungi.
"Hii nini?" akauliza kwa Kiswahili chake cha Casuarina.
Karisa akamtazama kiooni.
"Hapo tulifunga pumzi za watu, zisianguke."
Mgeni akadhani ni utani, akacheka sana.
Karisa akazungusha ufunguo.
Gari likaamka mara moja.